Gari jipya lililopakwa rangi mara mbili

Kule Goma, Bukavu, Butembo ama Bunia, mtu anayekwenda kununua gari haendi peke yake. Anakwenda na fundi. Fundi anafungua kapo, anasikiliza moteri, anainama kutazama chini, anagonga milango kwa kidole akisikia kama sauti inabadilika. Wengine huja na kipande cha sumaku kilichofungwa ndani ya kitambaa, wakakipitisha polepole juu ya karoseri. Pale sumaku inapokataa kushika, chini ya rangi kuna masitiki, si chuma. Taabu hiyo yote ina sababu moja: muuzaji analijua gari lile, mnunuzi halijui, na rangi nzuri inaweza kufunika mambo mengi.

Watu wengi wanadhani kwamba wasiwasi huo ni wa magari yaliyokwisha kutumika tu. Gari jipya, ambalo viti vyake bado vina plastiki, linahesabiwa kuwa safi. Lakini moja kati ya kesi zinazojulikana sana katika sheria za Marekani ilihusu gari jipya kabisa, la bei kali, ambalo lilikuwa limepakwa rangi mara mbili bila mwenyewe kuambiwa. Kesi hiyo ilianza kwa hasara ya dola 4,000, ikapanda hadi milioni, na ikafika mbele ya majaji tisa wa mahakama iliyo juu ya zote kule Washington.

Gari jeusi la Birmingham

Mwezi wa kwanza 1990, daktari aitwaye Ira Gore alinunua BMW nyeusi ya aina ya 535i kwa muuzaji aliyeidhinishwa na kampuni katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Alilipa dola 40,750 na senti 88. Aliliendesha karibu miezi tisa bila kuona kasoro yoyote. Kisha akalipeleka kwenye karakana ya kung'arisha magari iliyoitwa Slick Finish. Halikuwa na ubovu. Yeye alitaka tu ling'ae kuliko kawaida. Mwenye karakana ndiye aliyegundua kwamba gari lilikuwa limepakwa rangi upya.

Fundi wa rangi hana uchawi katika jambo hilo. Anaangalia mpira unaozunguka vioo, maana huko ndiko vumbi la rangi hubaki. Anapitisha ukucha mahali ambapo utepe wa kufunikia huwa unabandikwa. Anainama pembeni ya gari, mwanga ukiwa mbele yake, na kulinganisha mng'ao wa mlango na mng'ao wa kapo. Wenye vyombo hupima unene. Rangi ya kiwandani kwa kawaida ina mikroni 100 hadi 150 hivi, yaani unene wa unywele mmoja ama nywele mbili za binadamu. Kipimo kikipanda ghafula mara mbili ya hapo, fundi anajua kuna mtu aliyepita baada ya kiwanda.

Kesi ilipofunguliwa, habari ikatoka yote. Gari lilikuwa limeharibika rangi wakati wa safari kutoka Ujerumani, na ilionekana kwamba chanzo kilikuwa mvua yenye asidi. Mvua ya namna hiyo si ngeni kwa wakaaji wa Goma na Nyiragongo: moshi wa volkeno unapochanganyika na mawingu, mvua inakula mabati ya nyumba na kuchoma majani ya maharagwe, na rangi ya gari haiponi. Gari la daktari lilipofika Marekani, kampuni inayoingiza magari ya BMW nchini humo ililipeleka kwenye kituo chake cha matayarisho mjini Brunswick, jimbo la Georgia. Hapo paa, kapo, kofre na mbavu zake za nyuma zikapakwa rangi upya. Kazi yote iligharimu dola 601 na senti 37. Kisha gari likapelekwa Birmingham kuuzwa kama jipya. Hata muuzaji wa Birmingham hakuambiwa.

Haikuwa bahati mbaya ya gari moja. Tangu 1983 kampuni hiyo ilikuwa na kanuni yake ya ndani. Gari likiharibika kiwandani ama safarini, walihesabu gharama ya kulitengeneza. Ikizidi asilimia 3 ya bei iliyopendekezwa, gari liliwekwa kwa matumizi ya kampuni kwa muda, kisha likauzwa kama lililotumika. Isipozidi asilimia 3, liliuzwa kama jipya, na hakuna aliyeambiwa neno. Dola 601 kwa gari la dola 40,000 ni kama asilimia moja na nusu. Kwa hiyo kimya cha Birmingham hakikutokana na mfanyakazi mmoja mwongo wala muuzaji mwenye tamaa. Kilikuwa kimeandikwa kwenye karatasi, kikapewa kipimo, na kilifuatwa kwa miaka saba kabla ya daktari Gore kulipa pesa zake.

Hoja ya kampuni mbele ya mahakama haikuwa ya kijinga. Ilisema kwamba kazi ilifanywa vizuri na gari ni zima. Linakimbia vile vile, linalinda abiria vile vile, na mwenyewe hakuona kitu kwa miezi tisa. Ikaongeza kwamba majimbo karibu 25 ya Marekani yalikuwa na sheria zinazoeleza ni ukarabati gani lazima mnunuzi aambiwe, na kwamba kiwango chake cha asilimia 3 kilichukuliwa kutoka kwenye zile kali zaidi. Alabama yenyewe wakati huo haikuwa na sheria ya namna hiyo.

Lakini fundi wa garaji anaweza kujibu pale wakili anapotatizika. Kiwandani, gari hupakwa rangi likiwa chuma tupu: hakuna tairi, hakuna kiti, hakuna waya. Linazamishwa ndani ya beseni kubwa la rangi ya kwanza, kisha linaingizwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 170 hivi hadi 180. Gari lililokwisha kuungwa haliwezi kurudishwa kwenye joto hilo. Plastiki zingeyeyuka na nyaya zingeungua. Ndiyo sababu anayerudia rangi baadaye lazima atumie rangi ya aina nyingine, inayochanganywa na dawa ya kugandisha, na kuikausha kwa hewa ama kwa joto dogo la nyuzi 60 hivi. Kazi hiyo ikifanywa na mtu anayejua, inadumu miaka mingi. Lakini si rangi ile ile, na soko linajua hivyo. Mfanyabiashara mmoja aliyewahi kuuza magari ya BMW alitoa ushahidi kwamba gari lililorudiwa rangi linapoteza kama asilimia 10 ya thamani yake. Kwa gari la Gore, ni dola 4,000.

Ikiwa kampuni ilimficha mteja jambo linalomkosesha dola 4,000, basi haiwezi kujitetea kwamba yenyewe ilitumia dola 601 tu. Hasara ya mnunuzi haipimwi kwa gharama ya fundi.

Kutoka 4,000 hadi milioni nne, na kurudi chini

Juri la Alabama, yaani wakaaji wa kawaida walioitwa kusaidia kukata kesi, lilikubali kwamba daktari alidanganywa. Likampa dola 4,000 kama fidia ya hasara. Halafu likaongeza fidia ya adhabu, ile inayotolewa ili mkosaji asirudie. Wakili wa Gore alikuwa ameonyesha kwamba magari 983 yaliyotengenezwa upya kwa gharama ya zaidi ya dola 300 yaliuzwa kama mapya tangu 1983, na 14 kati yake yaliuzwa Alabama. Karibu magari 1,000, mara dola 4,000: dola milioni 4. Juri likazitoa zote.

Hesabu hiyo inamfurahisha mtu mwenye hasira, lakini ina tundu. Magari mengi kati ya yale 983 yaliuzwa katika majimbo mengine, na katika baadhi ya majimbo hayo kunyamaza juu ya ukarabati mdogo hakukuwa kosa. Mahakama ya Juu ya Alabama ililiona tundu hilo. Ikasema juri halikupaswa kuhesabu magari yaliyouzwa nje ya jimbo, ikapunguza adhabu kuwa dola milioni 2. Kampuni haikuridhika, ikapanda hadi Washington.

Tarehe 20 mwezi wa tano 1996, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi wake, majaji watano dhidi ya wanne. Jaji John Paul Stevens aliandika kwa niaba ya watano. Dola milioni 2 kwa hasara ya dola 4,000 ni mara 500, na kwa maoni yao hiyo ilivuka mipaka ya haki kiasi kwamba katiba haiwezi kuiruhusu. Waliweka vipimo vitatu: ubaya wa tendo lenyewe, uwiano kati ya hasara na adhabu, na adhabu ambayo sheria za kawaida zingetoa kwa kosa kama hilo. Katika kipimo cha kwanza walisema kwamba hasara ya daktari ilikuwa ya pesa tu. Hakuna aliyeumia, na breki za gari hazikuguswa. Majaji wanne walikataa, kati yao wakiwa Antonin Scalia na Ruth Bader Ginsburg, ambao kwa mambo mengi hawakuwa na mawazo yanayofanana. Waliona kwamba jimbo lina haki ya kupanga adhabu zake bila Washington kuingia kati.

Kesi ikarudishwa Alabama. Mwaka 1997 mahakama ya jimbo iliamuru kesi ianze upya, isipokuwa kama Gore angekubali dola 50,000. Kutoka milioni nne hadi elfu hamsini ni mteremko mkubwa, na ndiyo maana wanasheria duniani wanaikumbuka kesi hiyo kama ushindi wa makampuni. Leo wakili wa kampuni yoyote kubwa ya Marekani inayodaiwa mamilioni huanza kwa kutaja jina la Gore.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo vitabu vya sheria hulipitia haraka. Siku chache baada ya juri la Alabama kusema milioni 4, kampuni ilibadilisha kanuni yake katika nchi yote: tangu hapo ukarabati wowote, hata mdogo, ungeelezwa kwa muuzaji na mnunuzi. Haikungoja Washington. Kabla ya hapo, mnunuzi mwingine wa BMW huko huko Alabama alikuwa ameshitaki kwa sababu kama ile ile, na juri lake likampa dola 4,600 za hasara bila hata senti ya adhabu. 

Rangi inayoanguka yenyewe

Kesi ya Gore ilihusu kasoro iliyoonekana, ikatengenezwa, kisha ikanyamaziwa. Kuna nyingine inayomsumbua zaidi mwenye gari, ile inayofungwa ndani ya rangi yenyewe kiwandani. Siku ya kununua hakuna anayeiona, hata fundi mwenye sumaku, kwa sababu hakuna masitiki na unene ni sawa pote. Inajitokeza baada ya miaka.

Ili kuielewa, lazima kurudi nyuma kidogo. Magari ya kwanza yalipakwa kwa brashi kama magari ya kukokotwa na farasi, na kazi ilichukua majuma kadhaa kwa sababu kila tabaka lilipaswa kukauka. Kiwanda cha Henry Ford, kilichotoa magari kwa maelfu, kiliuza gari lake la Model T kwa rangi nyeusi tu kuanzia 1914 hadi 1925. Nyeusi ilikuwa rahisi na imara. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont na General Motors zilileta rangi iliyoitwa Duco, inayopulizwa na kukauka upesi, na gari la Oakland likatoka na rangi ya buluu ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua. Tangu hapo rangi ikawa sehemu ya biashara.

Mabadiliko makubwa zaidi hayaonekani kwa macho. Katika miaka ya 1960 Ford ilianza kuzamisha magari ndani ya beseni la rangi iliyochanganywa na maji na kupitisha umeme. Umeme huivuta rangi ikashike kila kona ya chuma, hata ndani ya milango na chini ya sakafu, mahali ambapo mkono wa mpakaji haufiki. Rangi hiyo ya umeme ndiyo iliyopunguza sana kutu ya magari. Ina adui mmoja: jua. Imetengenezwa kwa gundi ya epoksi, na mwanga mkali wa jua huigeuza unga polepole. Kwa hiyo juu yake huwekwa apre, tabaka zito linalozuia mwanga, halafu rangi yenyewe, halafu verni inayong'aa.

Kufikia miaka ya 1980, viwanda kadhaa vya Marekani viliona kwamba vinaweza kuokoa pesa. Waliongeza unene wa rangi ya umeme, wakaondoa apre. Gari lilitoka likiwa zuri, likapita ukaguzi wote. Lakini mwanga wa jua ulipenya verni na rangi, ukafika kwenye epoksi iliyokuwa uchi chini yake. Baada ya miaka michache epoksi ilikuwa unga, na rangi ya juu haikuwa na kitu cha kushika. Ilianza kubanduka kwa vipande vikubwa juu ya kapo, paa na kofre, sehemu zinazotazama mbingu, huku milango ikibaki mizima. Anayemwagia gari maji ya kuosha aliona rangi ikiondoka kama ganda la yai lililochemshwa.

Wenye magari waliambiwa habari za ndege, utomvu wa miti, mvua, na uvivu wao wenyewe wa kuosha. Dhamana ilikuwa imekwisha. Lakini mwezi wa kumi 1992 General Motors iliwaandikia wauzaji wake waraka uliokiri kwamba rangi inaweza kuachana na tabaka la chini kwa sababu ya jua na unyevu wa muda mrefu, na kwamba buluu, kijivu, fedha na nyeusi zenye chembe za metali ndizo zilizo hatarini zaidi. Waraka ulikwenda kwa wauzaji, si kwa wenye magari. Aliyelalamika kwa nguvu aliweza kupakiwa rangi bure. Aliyenyamaza alilipa mwenyewe. Clarence Ditlow, aliyeongoza kwa miaka mingi shirika la Center for Auto Safety, alizunguka akipinga mipango hiyo, ambayo watetezi wa wanunuzi waliiita dhamana za siri. Majimbo machache, kama California, Virginia na Wisconsin, yalitunga sheria za kulazimisha makampuni kuwaambia wenye magari wote.

Wenye magari ya Ford walijaribu kushitaki kwa pamoja. Mwaka 1998 mahakama ya shirikisho mjini New Orleans ilikataa kesi moja ya wote, ikisema kila gari lina historia yake na kila mnunuzi alijua mambo tofauti. Kisheria ilikuwa hoja nzuri. Kwa mtu mwenye gari la kazi lenye kapo lililobanduka, ilimaanisha kwamba atafute wakili wake peke yake kwa rangi ya dola mia chache, jambo ambalo hakuna mwenye akili angelifanya.

Nyeupe za Japani kwenye barabara za Kivu

Msomaji wa Kivu ama Ituri anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Marekani ya zamani. Lakini atazame Toyota nyeupe zinazopita mbele ya nyumba. Katika miaka ya karibuni Toyota ilikiri, Japani, Marekani na Australia, kwamba baadhi ya magari yake meupe yana tatizo la ukoo ule ule: mwanga wa jua unaharibu mshiko kati ya rangi ya umeme na tabaka lililo juu yake, na rangi inabanduka. Namba za rangi zinazohusika zaidi ni 040 na 070, na namba hiyo imeandikwa kwenye kibati kidogo cha gari pamoja na namba ya chasi. Kampuni iliongeza muda wa dhamana kwa magari hayo na kupaka upya bure kwa wenye haki.

Wenye haki ni wale walio katika nchi hizo, ndani ya muda uliowekwa. Gari linalouzwa kwenye mnada wa Japani, likapanda meli hadi Mombasa ama Dar es Salaam, likapita Uganda, Rwanda ama Tanzania na kuingia Kongo na volani yake ya kulia, limeiacha barua ile nyuma. Mara nyingi limekuja hapa kwa sababu umri wake umepita. Na huku linakutana na jua la karibu na ikweta. Goma peke yake iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, mahali ambapo miale inayoharibu rangi ni mikali kuliko pwani.

Hapo kuna jambo linalogusa familia zilizolazimika kuhama. Mtu anayekimbia vita na kuuza gari haraka ili apate kodi ya nyumba ama karo ya watoto hana muda wa kubishana. Mnunuzi akiona paa la Toyota nyeupe limebanduka, jambo la kwanza atakalosema ni kwamba gari lilipinduka na kupakwa upya vibaya, na bei inashuka papo hapo. Si lazima iwe hivyo. Gari lililogongwa huonyesha masitiki, sumaku hulikataa, rangi yake hubanduka pamoja na apre ya garaji ama hupasuka mahali palipojazwa. Rangi iliyobanduka kwa kosa la kiwandani huacha chini yake uso laini wa kijivu, chuma kimenyooka, sumaku inashika, na ubovu uko paa na kapo zaidi kuliko mbavuni. Tofauti hiyo inaweza kuwa mamia ya dola mfukoni mwa mtu ambaye hana kingine cha kuuza.

Anayetaka kulitengeneza asikubali fundi apulize rangi mpya juu ya ile inayoanguka. Baada ya miezi itaanguka pamoja nayo. Lazima kukwangua mpaka mahali panaposhika, kupiga msasa, kuweka apre, ndipo rangi na verni. Fundi anayesema apre ni gharama ya bure anarudia hesabu ile ile ya viwanda vya Marekani.

Kuhusu sheria, Kongo ina kitu ambacho Gore angependa kuwa nacho. Amri ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888 juu ya mikataba, ya wakati wa mfalme Leopold wa pili, ilichukua mfano wa sheria za Ubelgiji na Ufaransa na bado ndiyo msingi wa mauzo nchini. Inasema muuzaji anawajibika kwa kasoro zilizofichika ambazo mnunuzi angezijua asingenunua, ama angetoa bei ndogo. Kasoro inayoonekana kwa macho haimhusu. Muuzaji asiyejua anaweza kujikinga kwa kuandika kwamba hatoi dhamana; aliyejua akanyamaza hana kinga hiyo, na anaweza kudaiwa hasara zaidi ya bei. Mnunuzi naye anatakiwa kudai bila kukawia. Hati ya mauzo yenye maneno mawili tu, «nimeuza gari», haimsaidii mtu yeyote. Ile inayotaja hali ya rangi na ukarabati uliofanywa inamlinda muuzaji mkweli kama inavyomlinda mnunuzi.

Na habari zenyewe mara nyingi zipo, kama zilivyokuwepo Brunswick na kwenye waraka wa 1992. Kila gari linalopita kwenye mnada wa Japani lina karatasi ya mkaguzi yenye mchoro wa gari na herufi ndogo juu yake. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipotengenezwa na kupakwa upya, XX ni kipande kilichobadilishwa. Alama ya jumla ya R inamaanisha gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Karatasi hiyo hubaki kwa mwagizaji, na wauzaji wachache huionyesha wenyewe. Kwa namba ya chasi nakala yake inaweza kutafutwa kwa malipo madogo kupitia huduma za mtandaoni, kabla ya pesa za likelemba kutolewa mfukoni.